Peter Lalor hakufia Eureka

Mhariri,

Miaka yote nimewasoma nikanyamaza, lakini makala yenu ya Jumapili kuhusu Peter Lalor imenishinda. Mmemsifu vizuri: Mwairishi aliyewaongoza wachimba dhahabu wa Ballarat, Australia, kupinga leseni ya kuchimba, akapigwa risasi askari walipovamia ngome yao ya Eureka tarehe 3 Desemba 1854, akakatwa mkono wa kushoto, na mwaka uliofuata akaingia Baraza la Kutunga Sheria la koloni la Victoria. Kisha mkaruka hadi uspika wake wa 1880. Kwani hapo katikati alikuwa amelala?

Mwaka 1856 aliunga mkono wenye mali wapige kura zaidi ya moja, na wachimbaji waliomchagua wakamgeuka. Hilo tuseme ni dogo. Desemba 1873, wachimbaji wa mgodi wa Lothair, huko Clunes, walikuwa wamegoma kwa sababu hawakutaka zamu ya Jumamosi mchana wala ya Jumapili. Lalor alikuwa mmoja wa wakurugenzi. Kampuni ikawachukua Wachina wa Ballarat na Creswick, ikawasindikiza kwa polisi, waende wakauvunje mgomo. Wenyeji wa Clunes wakaziba barabara na kuwatimua kwa mawe. Yaani mtu aliyefichwa chini ya mbao pale Eureka huku akivuja damu, askari wakimsaka, miaka 19 baadaye polisi wako upande wake, na wachimbaji ndio wako nyuma ya kizuizi! Na hao Wachina, waliotumiwa na tajiri wakapigwa mawe na maskini, hamkuwapa hata mstari mmoja. Mimi naishi Melbourne. Nilipompeleka shemeji yangu kuitembelea Ballarat, nilimuuliza mwongozaji wetu habari za Clunes, ambako si mbali hata kidogo. Akatazama saa, akasema basi linatusubiri. Basi likatupeleka dukani kununua bendera ya Eureka.

Ila na nyinyi mmezidi. Kila mwanasiasa mnamwandikia kama wasifu wa marehemu unaosomwa makaburini: alizaliwa, alisoma, aliwapenda watu wote, ameacha pengo. Hata walio hai!

Basi chini ya picha ya kila mwanasiasa wekeni kisanduku cha sentimita nane: alikuwa na hisa wapi, na kura aliipeleka upande gani. Nafasi mtaipata mkipunguza ule ukurasa wa nyota, unaoniahidi fedha kila wiki.

Msomaji wenu,
Melbourne