Barua kwa mwanangu: gari la umeme na mshahara wako

Mombasa, Januari 2026

Mamangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mumeo mpe salamu zangu.

Zile karatasi mbili za gari ulizotuma kwa WhatsApp zilinishinda kusoma kwenye simu, nikazipeleka kwa kijana wa saiba akanichapia. Nimezilaza mezani nikazipitia kwa rula, mstari baada ya mstari, hata mamako akauliza kama nimerudishwa kazini. Swali lako lilikuwa fupi: lipi nafuu, kukodi gari kwa jina lako mwenyewe au kuchukua lile la kazini la kukatwa mshaharani? Hesabu nitakufanyia. Ila nakwambia mapema, usije ukaruka ukasoma tarakimu peke yake: usitie saini karatasi ya kazini nawe moyo wako umeshatoka hapo kazini.

Kwamba wataka kuhama nimesikia kwa mamako. Wewe hukuniambia. Uliniambia umepandishwa cheo, nikafurahi, nikawaambia wazee wote msikitini kwamba binti yangu sasa ni muuguzi wa kuzuru wagonjwa majumbani huko Leicester, Uingereza. Kumbe mkuu wako mpya hamwelewani na usiku hulali. Jambo kama hilo ndilo la kumwandikia babako, kabla ya gari.

Haya, hesabu. Karatasi ya kazini yasema pauni 450 kwa mwezi kwa miaka mitatu. Hakuna malipo ya mwanzo, na ndani yake mna bima, sevisi, matairi na kuvutwa ukikwama njiani. Fedha hizo zinatoka mshaharani kabla kodi haijaguswa. Kwa mshahara wako wa kama pauni 39,000 kwa mwaka, kila pauni 100 unayoiachia, 20 zingekwenda kodi ya mapato na 8 Bima ya Taifa, ule mchango wa lazima wa serikali. Basi 450 zinakuuma kama 324. Halafu kodi ya marupurupu inarudi kidogo, kwa kuwa gari la kazini huhesabiwa kuwa sehemu ya malipo yako. Serikali ya huko iliyabana makato ya namna hii mwaka 2017, lakini magari ya umeme ikayaachia nafuu yake. Mwaka huu wa kodi, 2025/26, wanachukua asilimia 3 ya bei ya gari na kuitoza kama mshahara. Kuanzia Aprili 2026 ni asilimia 4, mwaka 2027 ni 5, mwaka 2028 ni 7, na 2029 ni 9. Gari lako bei yake ya orodha ni pauni 32,000, kwa hivyo ukianza Aprili utalipa kama pauni 21 kwa mwezi, na ifikapo mwaka wa tatu zitakuwa 37. Tuseme 345 kwa mwezi mwanzoni.

Karatasi ya pili, ya kukodi kwa jina lako, yasema 260 kwa mwezi, nawe ukadhani ndiyo rahisi. Angalia juu kabisa: malipo ya mwanzo ni ya miezi tisa, yaani pauni 2,340 siku ya kwanza, kisha miezi 35 ya 260. Jumla 11,440. Gawa kwa miezi 36 upate kama 318. Bima ni juu yako, na bei uliyopewa ni 65 kwa mwezi. Umefika 383, na matairi bado. Tena watakuchunguza historia yako ya mikopo kabla hawajakupa ufunguo. Kwa kazini hawakuchunguzi hivyo.

Kwa hivyo mumeo ana haki kusema la kazini ni nafuu. Ni nafuu kwa mwenye kukaa. Wewe unakaa?

Ukurasa wa tatu wa karatasi ya kazini, chini, kwa maandishi madogo, wameandika kwamba mtu akiacha kazi mwenyewe kabla ya miezi 12 atalipa gharama za kuvunja mkataba, na fedha hizo zaweza kukatwa kwenye mshahara wake wa mwisho. Baada ya mwaka kuna bima inayobeba. Nimepiga mstari mwekundu hapo. Nilikaa dirisha la mishahara hadi nikastaafu, na sura ya mtu anayepokea mshahara wa mwisho uliokwisha kuliwa naijua. Anageuza karatasi nyuma kutazama kama kuna kingine kimeandikwa. Hapa kwetu Sheria ya Ajira ya 2007 inazuia makato yasipite theluthi mbili ya mshahara, na hata hivyo watu waliumia. Huko mpango wa gari hauruhusiwi kushusha mshahara chini ya kima cha chini. Wewe hutafika huko, lakini sitaki mwanangu aamke asubuhi ashindwe kuandika barua ya kuacha kazi kwa sababu ya gari.

Usidhani la kukodi mwenyewe halina mnyororo. Ukilirudisha mapema, mara nyingi wanataka nusu ya malipo yote yaliyobaki, na wengine hupita hapo. Tofauti ni kwamba halimjui mwajiri wako. Ukihamia hospitali nyingine, au mji mwingine, linakufuata.

Sasa kuna mambo mawili ambayo hakuna aliyekwambia, na hayo ndiyo yaliyonikalisha mpaka usiku.

La kwanza ni pensheni. Pensheni yenu ya NHS, huduma ya afya ya serikali ya huko, ule mpango wa mwaka 2015, kila mwaka inakuwekea sehemu moja ya 54 ya mshahara unaohesabika. Ukiachia 450 kwa mwezi, mshahara unaohesabika unapungua pauni 5,400 kwa mwaka. Gawa kwa 54: ni pauni 100. Mwaka mmoja wa gari, pauni 100 kila mwaka wa uzee wako. Miaka mitatu, 300 kila mwaka mpaka Mungu akuchukue. Na michango yako nayo itapungua, kwa hivyo mkononi utaona nafuu kuliko hata hiyo niliyokupigia, na utafurahi, na hutajua nafuu hiyo imetoka wapi. Mimi naishi kwa pensheni, mamangu. Najua pauni 300 kwa mwaka ni nini kwa mzee.

La pili ni maili. Kazi yako mpya ni ya kuzunguka kwa wagonjwa. Gari ulilokodi mwenyewe linahesabiwa gari lako, na mwajiri aweza kukulipa hadi peni 45 kwa kila maili ya kazi bila kutozwa kodi, kwa maili 10,000 za mwanzo za mwaka. La kukatwa mshaharani ni gari la kampuni kwa macho ya watu wa kodi, na kiwango chao cha kurudishia umeme wa nyumbani hakifiki peni 10 kwa maili. Uliniambia utatembea kama maili 4,000 za kazi kwa mwaka. Kwa peni 45 ni pauni 1,800. Kwa peni 10 ni 400, na hata hizo hazifiki. Ile nafuu ya karibu pauni 40 kwa mwezi inamezwa yote hapa na nyingine zaidi. Nenda ofisi ya mishahara ukaulize kwa maandishi: gari langu nalipwa ngapi kwa maili, na la mpango wenu nalipwa ngapi? Usikubali jibu la mdomo. Na ukikodi mwenyewe, bima lazima iandikwe matumizi ya kazi, na maili za mkataba zitoshe. Hiyo karatasi yako ni ya maili 8,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada inatozwa. Kwenda kazini na kurudi, na zile safari za kwa shemeji yako London, umezihesabu?

Mamako amenisukuma niandike na hili, mimi ningelipita. Mkijaaliwa mtoto, kwa sheria ya huko likizo ya uzazi wiki 6 za mwanzo hulipwa asilimia 90 ya wastani wa kipato, na wastani wenyewe hupigwa kwenye mshahara uliobaki baada ya kuachia. Mshahara ukiwa umepunguzwa na gari, nayo inapungua. Basi. Zungumza na mumeo.

Habari ya ushuru mpya wa peni 3 kwa maili niliisikia redioni mwezi wa Novemba, na kweli umepangwa kuanza Aprili 2028 kwa magari ya umeme. Huo utakupata kwa njia yoyote, usiubabaikie. Kinachonibabaisha mimi ni chaja. Mmepanga ghorofa ya pili. Mwenye nyumba amekubali kuweka chaja chini? Umeme wa nyumbani VAT yake ni asilimia 5, wa vituo vya barabarani ni 20, na zile chaja za kasi mara nyingi hupita peni 70 kwa yuniti. Kama utachaji barabarani kila wiki, gari hili halina nafuu ya petroli, liwe la kazini au lako.

Nikiulizwa mimi, ningekodi mwenyewe, kwa miaka miwili badala ya mitatu, na gari dogo kuliko hilo. Mgonjwa wa Leicester hatajali kioo cha dashibodi kina ukubwa gani. Au ungoje miezi mitatu ujue kama unabaki. Ukiamua kubaki, na watu wa mishahara wakajibu vizuri kwa maandishi, chukua la kazini na sitasema neno. Lakini uamue kazi kwanza. Umesoma kwa shida, umevuka bahari ukiwa peke yako, ukafaulu mitihani ambayo wenzako walirudia. Mtu wa namna hiyo hafungwi hapo alipo na gari.

Huku tangi la juu limepasuka tena, fundi ameliziba ila asema halitamaliza mwaka. Usitume fedha za tangi, nduguyo amesema atanunua. Nawe usimwambie kuwa nimekuambia, maana alitaka kulifanya kimya kimya. Mpigie simu. Tangu Idi hamjasemezana na hakuna anayenieleza sababu. Shangazi yako wa Tanga anamwoza binti yake baada ya Ramadhani na ameshauliza kama utakuja. Nimemwambia kazi yako haina ruhusa za ghafla. Mwandikie mwenyewe.

Jana mamako alipanda dari kutoa mahindi, goti likavimba. Daktari asema ni uzee, yeye asema ni daktari. Ile dawa ya kupaka uliyomtumia mwaka jana imekwisha. Ukipata mtu anayekuja, mtumie ile ya kopo jeupe. Ile ya kijani inamwasha, aliificha asikwambie.

Karatasi zako nimeziweka kwenye faili pamoja na vyeti vyako. Ukishapata jibu la maili nitumie picha, nami nitaipiga hesabu upya kabla hujatia saini. Piga Ijumaa baada ya Isha, hapo intaneti ya jirani huwa nzuri.

Ni mimi babako.