Kesi kutajwa si kesi kusikilizwa

Mhariri,

Mwezi uliopita shangazi yangu alipanda basi la usiku na majirani wawili, nauli ya wote watatu akalipa yeye, kwa sababu aliambiwa kesi ya mwanawe "inakuja kutajwa". Aliamini hiyo ndiyo siku ya mashahidi wake. Tulikaa kwenye benchi nje ya chumba cha mahakama tangu saa mbili asubuhi. Saa tano karani akaita jina, mwendesha mashtaka akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akapanga tarehe nyingine. Hata dakika tatu hazikutimia. Shangazi akanishika mkono: "Mwanangu, mbona hawajatuuliza kitu?"

Kutajwa ni kesi kuitwa mbele ya hakimu ili ijulikane imefikia wapi na kupangiwa tarehe. Ushahidi hutolewa siku ya kusikilizwa. Kwenye shauri la mauaji ndiyo kabisa: hakimu mkazi humwambia mshtakiwa asijibu lolote kwa kuwa mahakama yake haina mamlaka ya kulisikiliza, na shauri huendelea kutajwa hapo hapo wakati upelelezi ukisubiriwa.

Mtaani, kutaja ni kusema. Shangazi hakukosea Kiswahili. Neno ndilo limepewa kazi nyingine mahakamani na yeye hakuelezwa. Wapo pia wanaolielewa kinyume, na hao ndio wananiumiza zaidi. Mtu yuko nje kwa dhamana, anasikia kesi "inatajwa tu", anabaki shambani kwake. Kumbe kufika ni lazima. Asipoonekana, hakimu anaweza kutoa hati akamatwe, na mdhamini aliyemwekea saini akaitwa kujieleza.

Mwaka 2021 sheria ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama Tanzania, na wengi tulifurahi. Sasa naomba karani anapotangaza tarehe aongeze sentensi moja tu: "Siku hiyo mashahidi hawatasikilizwa, ila mshtakiwa lazima afike." Na waandishi wako, kila wanapomalizia habari kwa "itakapotajwa tena", wamweleze msomaji kwamba siku hiyo hakuna ushahidi. Nafasi inayohitajika gazetini haizidi mstari mmoja.

Kesi ya binamu yangu inarudi wiki ijayo, kutajwa. Nimempigia shangazi abaki nyumbani na majirani zake, nitakwenda mimi.

Msomaji wako,
Morogoro