Barua kwa Mwanahamisi: hodhi la mama

Pasua, Moshi
Jumapili jioni

Mpendwa Mwanahamisi,

Mwalimu wetu wa Kiswahili angenilazimisha nianze na "mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Basi chukulia nimeanza hivyo. Baridi ya Julai imetukalia, mlima haujaonekana wiki nzima, na vidole vyangu vina silikoni iliyokataa kutoka hata kwa mafuta ya taa.

Uliponipigia kuuliza kama mzee wako naye ajengewe hodhi bafuni kama la mama nilisema nitakuandikia, kwa kuwa hili si jambo la kulimaliza kwa simu huku mtandao unakatika. Nisome mpaka mwisho kabla hujaita fundi.

Unajua mama alipatwa na kiharusi mwaka juzi, upande wa kulia. Tulimshusha kutoka Kibosho tukamweka hapa kwangu. Mazoezi yalimrudisha kwenye fimbo, hatua fupi fupi, lakini kuoga kukabaki kazi ya watu wawili: mimi nashika, dada wa kazi anasugua. Mama, aliyezaa watoto sita na kumwogesha kila mmoja, alikuwa anaangalia ukutani muda wote. Siku moja akasema, kwa sauti ile ile ya kuulizia chumvi, "Maiti huoshwa mara moja tu. Mimi naoshwa kila siku." Dada wa kazi alitoka nje na ndoo ambayo haikuwa na sababu yoyote ya kutoka.

Hapo ndipo nilipoanza kuchora.

Kwa nini hodhi la kuogea na si shawa tu? Kwanza maji ya uvuguvugu yanalegeza ule mguu uliokakamaa, hilo hata wa mazoezi alilisema. Pili mama amekulia kando ya mfongo. Wewe wa Tanga labda huijui: ni mifereji waliyoichimba wazee wa Kichaga kuteremsha maji ya mlimani mpaka migombani. Utoto wake wote kuoga kulikuwa kuingia ndani ya maji. Kumwagiwa kwa kata anakuita kunyeshewa.

Majirani walipoona faiba, ile plastiki ya nyuzi za kioo, imeshushwa getini wakauliza kama nafungua hoteli yenye jakuzi. Nikawaambia jakuzi yenyewe haikuanza na starehe. Ni jina la ukoo, Jacuzzi, Waitaliano waliohamia California wakawa wanatengeneza pampu za maji. Mmoja wao, Candido, alikuwa na mtoto mdogo mwenye baridi yabisi, akaunda pampu ya kutumbukiza kwenye hodhi la nyumbani ili mtoto akandwe viungo kwa maji bila kupelekwa hospitali kila mara. Iliingia sokoni mwaka 1956. Kufungia pampu ndani ya hodhi lenyewe kulikuja 1968, kwa mkono wa Roy wa ukoo huo huo, na hapo ndipo matajiri wakaidaka. Mama alipenda hadithi hiyo kuliko alivyopenda michoro yangu.

Marekani na Ulaya wanauza mahodhi yenye mlango ubavuni: unaingia kwa miguu, unakaa, unafunga, unafungulia maji. Wengine hawanunui jipya, wanakata ukuta wa hodhi la zamani na kuvisha kipande kinachotoka na kurudi, leo bafu la kusimama, kesho hodhi. Wazo hilo la pili ndilo nililolitaka, maana nyumba hii ina watu saba na bafu moja la ndani. Nilimpata fundi wa faiba Arusha, mtu anayeziba bampa za magari ya watalii, akanimwagia hodhi lenye urefu wa sentimita 80, upana 55, na kiti humo humo ndani cha kimo cha sentimita 40.

Mlango wa kwanza niliufanya ufunguke kwa nje, kwa sababu ukifunguka kwa ndani unagonga magoti ya anayeoga. Nikazungushia mpira niliouchomoa kwenye mlango wa friji bovu, nikafunga komeo mbili, nikajaza maji mpaka sentimita 60. Mwanahamisi, sisi tuliosoma mambo haya Arusha Technical hatuna kisingizio. Maji hayajali hodhi ni refu au fupi, yanajali kimo. Piga hesabu: upana sentimita 55, kimo 60, nguvu inayousukuma mlango ni karibu kilo 100. Mifuko miwili ya saruji imeegemea mpira wa friji. Ungepunguza kimo nusu, nguvu ingeshuka mpaka robo, nusu mfuko tu, lakini maji yasingefika hata kwenye kiti. Mpira ulivumilia dakika nne hivi. Kisha kona ya chini ikaanza kutoa uzi mwembamba wa maji, mwembamba mzuri kabisa wa kutazama, halafu komeo la chini likaachia. Bafu, korido, zulia la sebuleni. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu, anacheka kwa mara ya kwanza tangu ashuke Kibosho. "Mfongo umerudi," akasema.

Nikiwa napiga deki ndipo akanifundisha kazi yangu. Akaniuliza, "Sisi tulipokuwa tunaziba mfongo, gogo la mgomba tulikuwa tunaliweka upande gani?" Upande yanakotoka maji, bila shaka. Unaliegemeza kwenye mawe, maji yenyewe yanalikandamiza, na yakizidi ndivyo linavyozidi kukaza. Hakuna anayekaa upande wa pili akisukuma.

Basi nikatupa bawaba na komeo. Sasa hakuna mlango, kuna kibao cha plastiki ngumu, ile wanayokatia nyama buchani, milimita 12, nimekipigilia kanda mbili za alumini kisipinde. Kinateremka kutoka juu ndani ya mifuo miwili, na mpira uko upande wa nje wa mfuo, hivyo maji yakipanda yanakibandika kwenye mpira. Nimeacha nafasi ya milimita tano ya kuchezea ili kisikwame. Kina kilo nne na ushee, kizito kwa mkono mmoja, kwa hiyo nimekifunga kamba inayopita kwenye kapi darini, na upande wa pili inaning'inia chupa ya mchanga. Mama anakipandisha kwa vidole vya mkono wa kushoto. Hodhi likiwa limejaa hata mimi siwezi kukitoa, na ndivyo nilivyotaka. Kikiwa juu kabisa, pale ni bafu la kusimama kama la mtu yeyote, kizingiti ni sentimita mbili, na siku za mgao wa maji mama anakaa kwenye kiti kile kile na ndoo na kata yake.

Kuhusu maji usiogope sana. Hodhi lenyewe linahitaji kama lita 160 mtu akiwa amekaa ndani, ndoo nane. Si kidogo, lakini ni mara mbili kwa wiki, na simtanki ya lita elfu moja inahimili.

Kosa langu la pili lilikuwa baridi. Hodhi la aina hii, ukishaingia huwezi kutoka mpaka maji yaishe yote. Nilikuwa nimeweka bomba la kutolea la inchi moja na robo, likachukua dakika saba na zaidi. Mtu wa miaka sabini na minne, uchi, ameloa, mwezi wa saba, Moshi. Nilisikia meno yake kupitia mlango. Nikavunja sakafu nikaweka la inchi mbili, ambalo mdomo wake ni mpana mara mbili na nusu, na sasa ni dakika tatu kasoro. Kizibo kina mnyororo upande wa kushoto, anauvuta mwenyewe. Khanga kavu na koti la sufi vinaning'inia anapovifikia akiwa bado amekaa.

La tatu ni bomba la kushikia, na hapa nisikilize vizuri kwa sababu mafundi wote wanakosea na mimi nilikosea. Vipimo vya Wamarekani, vilivyotokana na sheria yao ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990, vinasema bomba liwe kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, libebe si chini ya kilo 113, na liachane na ukuta kwa milimita 38 tu, si zaidi. Nilidhani hicho cha mwisho ni usumbufu wa kizungu. Kumbe mtu akiteleza, nafasi ikiwa kubwa, mkono unapenya mpaka kwenye kigasha, mwili unaendelea kwenda chini, mfupa unavunjika. Nilifuata kila kitu, nikapitisha bolti mpaka upande wa pili wa tofali, nikaning'inia mwenyewe. Zuri. Mama akaingia akilishika kwa mkono wa kushoto, mkono mzima. Wakati wa kutoka akageuka, na bomba likawa upande wa mkono uliolala. Alisimama pale akilitazama kama mtu aliyeitwa jina lisilo lake. Nikaongeza nguzo ya wima pale pale mlangoni, kutoka sakafu mpaka dari, inayoshikika ukienda na ukirudi. Wakati naipaka rangi, mtaalamu mmoja aliyesomea viti mwendo pale TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia kilichopo hospitali ya KCMC, alipita akaniambia yeye angeanza na nguzo na asingeweka kingine kwanza. Ningemjua mapema ningeokoa matundu sita ya ukutani.

Maji ya moto: kwa mama, mguu wa kulia hausikii joto. Maji ya nyuzi 60 yanamwunguza mtu mzima kwa sekunde kama tano. Ya 49 yanachukua dakika kadhaa. Kwa hiyo nimeshusha hita, tunatanguliza ya baridi halafu ya moto, na anapima kwa mkono wa kushoto kabla ya kuzamisha mguu. Mzee wako kama ana sukari, miguu yake nayo huenda haisikii. Msimwamini akisema "yako sawa."

Sasa huyo mzee wako. Nimefikiri sana na sidhani anataka hodhi. Uliniambia magoti yamegoma, na kwamba anaanza kuchelewa swala. Kinachomtesa ni udhu, Mwanahamisi, mara tano kwa siku kunyanyua mguu kwenye sinki au kuinama kwenye bomba la uani. Kuoga ni mara moja. Mimi ningemjengea kiti imara ukutani, bomba la kushikia pande zote mbili, koki usawa wa goti lake anayoifikia kwa mkono, na sakafu yenye mteremko ili maji yakimbie mbele, yasimzunguke visigino. Kimo cha kiti usichukue changu cha 40. Mama ni mfupi. Mpime mzee akiwa amekaa, kutoka nyuma ya goti mpaka sakafuni, uongeze vidole viwili hivi ili kusimama kusiwe vita. Na umuulize yeye. Usinijibu kwa mawazo yako. Mimi nilipoteza miezi minne kwa kutomuuliza mama swali moja la mfongo.

Nina ombi. Kiti cha faiba asubuhi za baridi ni kama barafu, na kikilowa kinateleza. Nataka kukiwekea fito za mtiki juu, na huo wenu wa shamba la miti la Longuza ndio nauamini. Ukipita Muheza nitafutie vipande saba vya urefu wa sentimita 54, upana saba, unene mbili na nusu, visiwe na macho. Vifunge kwa kamba, uvipe basi la asubuhi, nitavipokea stendi. Pesa nitatuma ukiniambia bei, na uniambie bei ya kweli, si ile ya kirafiki.

Mama anakusalimu. Sasa anaoga peke yake, dada wa kazi anakaa korido anachambua mchele na kusikiliza. Juzi aliomba jambo moja zaidi: mlango wa bafu uwe na komeo kwa ndani. Nilikataa siku tatu. Akaacha kula mchana. Nimeweka. Ila ni la aina inayofunguka kwa nje kwa kuzungusha sarafu ya shilingi mia, na sarafu yenyewe iko juu ya fremu. Yeye hajui. Ukija usimwambie.

Mpe mzee shikamoo yangu.

Wako,
Ndeonasia