Mama Mapasa, saladi si adhabu

Bukavu, Jumapili jioni

Mpenzi Mama Mapasa,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa mapasa wetu, wale pacha wako. Sisi huku tuko wazima. Mvua imetunyeshea wiki nzima, ziwa halionekani hadi saa nne za asubuhi kwa ukungu, lakini tunashukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilifika pale penye habari za presha, nikaketi. Nilipoirudia ndipo nikaona unachokula siku hizi, na hilo ndilo limenifanya nishike kalamu usiku huu kabla ya kulala.

Unasema muuguzi alikuambia upunguze chumvi na mafuta, uzidishe mboga. Sasa kila jioni unakata kabichi na tomati, unazila hivyo hivyo bila kitu, wenzako wakiwa na bukari, ugali wenu, na samaki wao. Ukishindwa, unachota kijiko cha mayonezi ile mpya uliyoinunua kule soko la Kenya la Lubumbashi, iliyoandikwa "allégé", yaani iliyopunguzwa mafuta. Dada yangu, wewe ambaye sombe lako la majani ya muhogo watu walikuwa wanalifuata kwa harufu! Huwezi kula kwa huzuni hivyo miezi na miaka. Utachoka, na siku utakayochoka utarudi kwenye chumvi yote ya zamani. Dawa za presha endelea kumeza kama ulivyoandikiwa, hizo sizigusi. Mimi naongea habari ya bakuli tu.

Nianze na hiyo chupa. Igeuze, usome nyuma. Vitu vimepangwa kwa uzito: kinachoandikwa kwanza ndicho kingi kuliko vyote, na cha mwisho ndicho kidogo. Mayonezi ya kawaida, karibu robo tatu yake ni mafuta. Hiyo "allégé" wamepunguza mafuta kweli, lakini nafasi yake imejazwa na maji na wanga, na mara nyingi sukari na chumvi vinaongezwa ili ulimi usigundue. Tafuta neno "sel", yaani chumvi, kwenye ile jedwali ndogo. Tuseme imeandikwa gramu 2 kwa kila gramu 100. Vijiko viwili vikubwa ni kama gramu 30, basi umekula gramu 0.6 za chumvi kabla hujagusa samaki. OMS, lile shirika la afya la dunia, wanasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, pamoja na mkate na mchuzi. Ukiona sukari imetangulia siki kwenye orodha, mimi nakushauri hiyo chupa umalize polepole, usinunue nyingine.

Mafuta nayo usiyafukuze kabisa. Hapo naona ulimwelewa muuguzi kupita alivyosema. Ile rangi ya karoti, ambayo mwili unaigeuza kuwa vitamini A, inayeyuka kwenye mafuta, haiyeyuki kwenye maji. Ukila karoti bila mafuta, mwili unaokota kidogo tu. Kinachotakiwa ni kuyapima. Kijiko kimoja kikubwa kina kama gramu 14 za mafuta na kilokalori 120 hivi, yawe ya alizeti, ya soya au hata ya zeituni ya bei kali. Sisi tulizoea kuinamisha kidumu juu ya bakuli na kuangalia kwa macho. Macho yanadanganya. Tangu nianze kutumia kijiko, lita moja inanifikisha mbali mpaka Baba Watoto aliniuliza kama nimebadilisha muuzaji.

Uliuliza pia kama unaweza kutumia mawese kwa sababu yana hiyo rangi nyekundu yenye faida. Faida ipo, lakini karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina ile inayoganda, na kwa baridi ya Bukavu utayaona asubuhi yamekuwa mazito kama uji kwenye chupa. Ukiyamwaga juu ya saladi baridi yanashika majani vipande vipande na kukwama juu ya kaakaa. Nilijaribu mara moja, ikatosha. Mawese yabaki kwenye sombe na maharage, na kwa kipimo.

Sasa sosi yenyewe. Tafuta chupa ya kioo ya jemu yenye kifuniko kinachoshika vizuri. Kamulia humo ndimu mpaka upate vijiko vitatu vikubwa vya maji yake. Tia chumvi ya kushika kwa vidole viwili, funga, tikisa, kisha inua chupa kwenye mwanga uone kama punje zimeisha. Hapo ndipo siri ilipo, na mimi nilikaa miaka bila kuijua. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Ukitanguliza mafuta, punje zinazama chini ya bakuli, wewe unaona saladi haina ladha, unaongeza nyingine, na mwisho wa chakula unakutana na zote pamoja kwenye jani la mwisho. Ikiyeyuka kwanza kwenye ndimu, ile kidogo inafika kila mahali, na ukali wa ndimu unaibeba. Ulimi unapopata kitu kikali hauililii chumvi sana. Kwa mtu wa presha sijui rafiki mkubwa jikoni kupita ndimu.

Halafu weka nusu kijiko cha chai cha mutaridi, yaani haradali, na vijiko vitatu vikubwa vya mafuta. Funga tena, tikisa kwa nguvu kama unavyotikisa dawa ya mtoto. Utaona mafuta na ndimu, vilivyokuwa vimetengana kama watu waliogombana, vinageuka kitu kimoja kizito chenye rangi ya maziwa. Kazi hiyo ni ya mutaridi: ndiyo inayoshikanisha. Baada ya muda vitaachana, unatikisa tena. Wafaransa wanaweka sehemu tatu za mafuta kwa moja ya siki, lakini mimi nimezoea sawa kwa sawa. Ikikuzidi ukali, ongeza kijiko cha maji au maji ya maracuja, yaani pasheni, usiongeze mafuta. Sukari pia achana nayo, maana karoti iliyokwaruzwa inaleta utamu wake. Kiasi hicho kinatosha watu sita, nusu kijiko cha mafuta kwa kila mmoja. Mutaridi nayo ina chumvi yake, ndiyo maana nasema nusu kijiko cha chai na si zaidi. Na kile kipande cha kuungia mchuzi usikivunjie humo kamwe, sehemu kubwa yake ni chumvi.

Najua utaniambia mapasa hawataki kitu cha majimaji, wanataka kizito kama mayonezi. Hao watengenezee ya avoka, yaani parachichi. Huku soko la Kadutu avoka zimejaa siku hizi hadi mama wauzaji wanakuongezea bila kuombwa. Chukua nusu ya kubwa iliyoiva vizuri, iponde kwa uma, mimina ndimu moja mara hiyo hiyo kabla haijaanza kuwa nyeusi, tia seleri iliyokatwa ndogo sana, kitunguu saumu kidogo kilichopondwa, na maji kijiko kwa kijiko mpaka ilegee unavyotaka. Mashine haihitajiki. Avoka inabeba mafuta yake yenyewe, tena mazuri, hivyo huongezi mengine. Changanya na kabichi iliyokatwa nyembamba kama nywele na uiache dakika kumi ilainike. Mwanangu wa tatu, ambaye mboga yoyote aliificha chini ya sahani, analamba bakuli.

Na ninyi watu wa Katanga mna kalanga. Kaanga kavu, saga, chukua vijiko viwili, legeza kwa maji ya vuguvugu, tia ndimu, tangawizi iliyokwaruzwa na pilipili. Inapendana sana na kabichi na karoti. Ila nakuomba kwa moyo wote uchambue karanga zako moja moja kabla ya kukaanga. Iliyosinyaa, yenye kuvu, iliyobadilika rangi, tupa. Kuvu ile inaacha sumu inayodhuru ini, na moto wa kukaanga hauiondoi yote. Usikubali kununua zilizosagwa tayari kama hujui zilichaguliwa na nani. Embe zikianza huko kwenu, jaribu pia ile mbichi, ikwaruze na uikamue badala ya ndimu. Niliila kwako mwaka ule wa harusi ya dada yako na bado naikumbuka.

Kuna jambo sikukuambia wakati ule kwa sababu lilikuwa linaniuma. Siku ya komunyo ya kwanza ya binti yangu nilitengeneza mayonezi mwenyewe, viini vinne vya mayai mabichi, mafuta na ndimu, nikijivunia kwamba ya nyumbani ni salama kuliko ya dukani. Nikaichanganya na viazi asubuhi. Umeme ukakatika saa tano, friji ikabaki tu kama kabati, na wageni tukawapakulia saa kumi. Usiku ule ule watoto watatu walianza kutapika na kuharisha. Wawili walipona nyumbani. Mdogo wangu wa mwisho, yule unayemwita bwana mdogo, alilala hospitali siku mbili na mpira wa maji mkononi. Nilikaa kando ya kitanda chake nikihesabu matone. Daktari alinieleza kwamba yai bichi linaweza kubeba salmonela, na ndimu niliyotia haikutosha kuiua. Tangu siku ile yai bichi haliingii kwenye sosi yangu. Anayetaka uzito wa yai, nachemsha hadi kiini kigumu, nakiponda ndani ya ndimu na mafuta. Ladha inafika pale pale.

Ndiyo maana pia sitengenezi sosi ya wiki nzima. Huku kwetu umeme hauna ahadi, na nadhani kwenu ni hivyo hivyo. Hasa usifanye ile ya kuloweka kitunguu saumu ndani ya chupa ya mafuta na kuiweka kabatini. Inapendeza kwa macho, lakini chini ya mafuta hewa haifiki, na kuna kijidudu kinachopenda mahali pasipo hewa, kinatoa sumu ambayo huioni wala huinusi, na inaweza kuua mtu. Kitunguu saumu kipondwe leo, kiliwe leo. Chupa ya jemu ioshwe, igeuzwe, ikauke.

Majani nayo, usidhani siki au ndimu inayasafisha. Kipindupindu tunakijua huku, hatuhitaji kuhadithiwa. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, jani kwa jani, hasa pale kwenye shina ambapo udongo unajificha. Kisha yatandaze kwenye kitambaa safi na uyakaushe. Watu wengi wanaruka hatua hii ya mwisho. Jani lenye maji halishiki sosi, inateleza yote chini, unabaki unasema haijakolea. Jani kavu, vijiko viwili vinalifunika bakuli zima. Changanya kwa mikono yako uliyonawa, usitumie kijiko, mpaka uone kila jani linang'aa kidogo.

Ile ya maziwa ya kuganda nitakuandikia siku nyingine, maana mashanza ya huku na maziwa ya kwenu si kitu kimoja, na nataka kwanza nijue kama unapata yaliyochemshwa.

Fanya hii ya ndimu Jumatatu, ya avoka Jumatano. Waite wote wale kutoka bakuli lako, usijitengee sahani ya mgonjwa. Shemeji naye umri ule si wa kumwagiwa chumvi. Halafu uniandikie presha imesomeka ngapi ukirudi kwa muuguzi, namba zote mbili, usinifiche. Mpe binti wa shangazi anayekuja huku mwisho wa mwezi chupa moja tupu ya jemu, nitakurudishia ikiwa na mutaridi ninayoipata soko la Nyawera, si kali sana, utaipenda.

Wasalimie mapasa. Waambie bwana mdogo amekuwa mrefu, anafika begani kwangu.

Ni mimi, rafiki yako wa Bukavu