Barua ya wazi kwa Mfamasia wa Mkoa wa Kilimanjaro: mstari mmoja kwenye bahasha ya dawa

Ndugu Mfamasia wa Mkoa,

Salaam kutoka Moshi mjini. Nafundisha kemia, na ombi langu ni la wino tu: chini ya ile "1x2" kwenye bahasha ya dawa, uongezwe mstari unaosema dawa hii isinywewe pamoja na nini.

Nazungumzia antibiotiki za siprofloksasini, tetrasaiklini na doksisaiklini, na dolutegraviri, dawa ya VVU iliyomo kwenye kidonge cha TLD wanachopewa wateja wa CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU. Molekuli za dawa hizi zina atomi za oksijeni zilizokaa jirani, kiasi kwamba ioni ya chuma, alumini, magnesiamu au kalsiamu ikipita, hunaswa pande mbili kwa mpigo. Changamano linalotokea, yaani dawa na metali vilivyoshikana, halipenyi vizuri ukuta wa utumbo. Mgonjwa amemeza dozi kamili, damu imepata pungufu.

Nguvu ya mshiko huo inapimika, tena kwa vifaa vya kawaida. Unaweka dawa kwenye asidi iliyozimuliwa, unadondosha alkali kwa bureti huku ukisoma pH. Kisha unarudia, safari hii ukiwa umetia chumvi ya metali. Metali ikiishika dawa huzing'oa protoni zake, hivyo pH hubaki chini kuliko mara ya kwanza. Pengo kati ya grafu hizo mbili ndilo linalokupa kiwango cha uthabiti, yaani namba ya nguvu ya mshiko. Mdenmaki Jannik Bjerrum aliiwekea njia hii msingi mwaka 1941. Joto lisibadilike, na kabonidayoksaidi ifukuzwe kwa naitrojeni, la sivyo utakuwa unapima hewa ya chumbani. Jibu huandikwa kwa logi, ambapo kila hatua moja ni mara kumi: 7 dhidi ya 4 ni tofauti ya mara 1,000. Chuma cha chaji tatu na alumini huzing'ang'ania dawa hizi kuliko kalsiamu, ndiyo maana kidonge cha kiungulia chenye alumini kinanitia hofu kuliko glasi ya mgando.

Bika ya maabara si tumbo, najua. Namba hiyo haisemi mgonjwa atapoteza dawa kiasi gani. Hilo hupimwa kwenye damu, na limeshapimwa. Ndiyo maana maelekezo ya siprofloksasini na dolutegraviri yanataka dawa imezwe masaa 2 kabla ya madini hayo au masaa 6 baada yake.

Anayenisumbua zaidi ni mama mjamzito aliye CTC. TLD anapewa dirisha moja, vidonge vya kuongeza damu, ambavyo vina chuma, anapewa kliniki ya wajawazito, na kila dirisha limetimiza wajibu wake. Akivimeza vyote pamoja tumbo likiwa tupu, hasara ni yake. Akivimeza pamoja na chakula, hakuna shida, ila ruhusa hiyo haihusu dawa ya kiungulia. Nani amwambie?

Mstari wenyewe uwe hivi: "Usinywe pamoja na maziwa, vidonge vya damu wala dawa ya kiungulia. Muulize mfamasia masaa." Kwa TLD uandikwe wake, wenye hilo la chakula. Kama bahasha zimeshachapwa, mhuri wa mpira unatosha, na wino nitachangia.

Mwalimu wa kemia,
Moshi