Yule Lord wa vitabu niliyekwambia

Doto vipi, mzima lakini? Na watoto je? Juzi kwenye simu ulinicheka sana eti siku hizi nafuatilia mabwanyenye wa Uingereza waliokufa zamani, haya ngoja nikuandikie kwa kituo, maana we ni daktari na huyu mtu una deni lake bila kujua.

Anaitwa John Lumley, Baron Lumley, kazaliwa kama 1533 kwenye ukoo wa kule kaskazini, kafa 1609. Mkatoliki, tena enzi ambazo kuwa Mkatoliki Uingereza ni kesi. Sasa mwaka 1582 yeye na tabibu mmoja Richard Caldwell wakaanzisha mihadhara ya upasuaji kwenye Chuo cha Matabibu pale London, pauni 40 kila mwaka zinakatwa kwenye mapato ya mashamba yao. Unajua nani alikuja kuishika hiyo nafasi Lumley akiwa kaburini tayari? William Harvey! Ndo huyo huyo aliyeeleza damu inavyozunguka mwilini, alianza kufundisha pale 1616 na kitabu chake kikatoka 1628. Na hiyo mihadhara ipo mpaka leo kwa jina la Lumley. Haya nicheke tena.

Ila kilichonikamata mimi ni vitabu. Mtu alikuwa na kama 3,000 hivi, kwa wakati ule hiyo ni maktaba inayoshindana na za vyuo, na orodha yake ikaandikwa mwaka 1596: teolojia, historia, sheria, utabibu, muziki, jiografia, kila kitu. Nyingi alirithi kwa baba mkwe wake, Earl wa Arundel, na huyo mzee naye sehemu kubwa aliipata kwa Thomas Cranmer. Cranmer yule Askofu Mkuu wa Canterbury, Mprotestanti kabisa, aliyechomwa moto 1556 na Malkia Mary Mkatoliki. Yaani unafungua kitabu, ukurasa wa kwanza juu kuna jina la Cranmer kwa Kilatini, chini kuna Arundel, kisha Lumley. Watu ambao dini zao zilikuwa zinauana wamekaa kwenye karatasi moja, na Lumley hakufuta jina la mtu, kaongeza lake tu basi.

Mke wake sasa, Jane, ndo kabisa. Huyo dada alichukua tamthilia ya Euripides, mwandishi wa Ugiriki ya kale, inaitwa Iphigenia, akaiweka kwa Kiingereza bado binti mdogo, na hakuna anayejulikana kumtafsiri Euripides kwa Kiingereza kabla yake. Hadithi yenyewe ni baba anayekubali kumtoa binti yake kafara ili meli za vita zipate upepo. Halafu kumbuka Jane huyu ni binamu wa Lady Jane Grey, yule msichana aliyewekwa umalkia siku chache mwaka 1553 akaja kukatwa kichwa, na mmoja wa waliomgeuka alikuwa Arundel, baba yake huyu Jane wa Lumley! Wapo wasomi wanaohisi tafsiri ile ilikuwa na la kusema kuhusu hayo mambo ya nyumbani. Mi naona hata kama hakukusudia, kukaa nayo meza moja na baba yako si mchezo. Jane na Lumley walizaa watoto watatu, wote wakafa wadogo. Ndo maana hakubaki mtoto wa kurithi vitabu, vikaenda kwa Prince Henry mtoto wa mfalme, vikaingia maktaba ya kifalme, na 1757 mfalme George wa Pili akaitoa yote kwa British Museum.

Sasa siasa. Baba yake Lumley aliuawa kwa uhaini 1537 baada ya maasi ya kaskazini dhidi ya Henry wa Nane, mtoto ana kama miaka 4, cheo cha ukoo kikapotea mpaka 1547. Ungedhani atakaa mbali na hayo mambo, wapi! 1571 akakamatwa kwenye njama ya Ridolfi, ule mpango wa kumuoza Mary wa Scotland (Mkatoliki, malkia wa zamani wa Scotland, sio yule Malkia Mary wa Cranmer) kwa Duke wa Norfolk na kumng'oa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Norfolk akakatwa kichwa 1572, Lumley akatoka jela 1573, na toka hapo akatulia kimyaa na vitabu vyake na jumba la Nonsuch kule Surrey, alilorithi kwa mkwe wake pamoja na madeni, likaja kumshinda, 1592 akamwachia Malkia.

Kinachonichanganya ni 1586. Mary yule yule anashtakiwa uhaini, na kati ya wale makamishna waliowekwa kumhukumu yumo Lumley! Mkatoliki mwenzake, mwanamke ambaye yeye mwenyewe alilala jela kwa ajili yake. Ukisoma watu wanamwita kinyonga, wengine wanasema angekataa wangemmaliza na maktaba ingetaifishwa. Mi niko katikati, siku moja namtetea siku nyingine ananikera, maana kukaa kimya ni jambo moja na kukaa kwenye kiti cha hakimu ni lingine. Wewe ungefanyaje? Nijibu kwa maandishi, sio voisi ya sekunde tano.

Wasalimie wote hapo nyumbani.