Joto la hita linaishia kwenye bomba la maji machafu, mbona hamlisemi?

Mhariri,

Ile makala yenu ya kupunguza bili ya umeme nimeisoma yote mpaka nukta ya mwisho, na sio kwamba mmekosea, ila mmerudia yale yale ya siku zote: zima hita ukitoka, shusha thamostati, oga haraka haraka, nunua hita mpya yenye nyota nyingi, zile za lebo ya kuonyesha haili umeme mwingi. Mimi ni fundi bomba, hita ndo kazi yangu, na hapo kwenye nyota naomba tuelewane kidogo.

Hita ya umeme, hata ile kuukuu, karibu umeme wote inaokula inaugeuza kuwa joto la maji. Elementi, yani kile chuma cha kupasha joto, imezama ndani ya maji, sasa joto litakimbilia wapi? Tangi likikaa muda mrefu bila kutumika linapoa, hiyo kweli, na kulivika koti zito la kuzuia joto kunasaidia. Lakini ukishafungulia shawa hakuna hita itakayokufanyia miujiza, kwa sababu upotevu hauko kwenye hita, uko miguuni kwako. Maji yanatoka juu yakiwa na nyuzi 40, yanapita mwilini sekunde mbili tatu, yanaingia kwenye tundu la sakafu bado yana nyuzi 36 hivi. Yani umelipia yapande kutoka 20 hadi 40, wewe umetumia nyuzi 4, zile 16 zilizobaki zinaenda kuwapasha moto panya wa kwenye mtaro. Ndo kuchota maji kwa pakacha huko, alafu lawama anapewa kisima.

Sasa kuna kifaa cha kurudisha hilo joto na wala sio cha ajabu. Ni kipande cha bomba la shaba kinachosimama wima kwenye njia ya maji machafu chini ya bafu, na kwa nje kimezungushiwa bomba jembamba la shaba lililobana kama chatu, ndo tunaliita koili, lile linalopeleka maji baridi kwenye hita. Maji machafu yanashuka ndani, maji safi yanapanda nje, hayagusani hata tone, kinachopita ni joto tu kwenye ukuta wa shaba. Hakina mota wala waya, hakuna cha kuungua.

Watu wananiuliza kwanini lazima kisimame. Maji yakishuka kwenye bomba la wima hayaanguki katikati kama mnavyodhani, yanajibandika ukutani na kuteremka kama utando mwembamba pande zote, kwahiyo shaba yote inapata joto. Ukililaza, maji yanapita chini tu kama kijito na sehemu kubwa ya bomba inabaki baridi. Na msijaribu kubana matumizi kwa kuweka bomba la plastiki, shaba inapitisha joto zaidi ya mara 1000 kuliko plastiki.

Tupige hesabu basi. Shawa ya lita 8 kwa dakika, unaoga dakika 10, ni lita 80. Kuzipandisha nyuzi 20 kunakula karibu yuniti 1.9 za umeme. Bomba linalookoa asilimia 45 ya ile tofauti ya nyuzi 16 linakupa nyuzi 7 za bure kabla maji hayajafika kwenye hita, yani umeme unapungua kwa theluthi moja na zaidi, kama yuniti 0.65 kwa kila anayeoga. Nyumba ya watu wanne wanaooga hivyo mara moja kwa siku inaokoa karibu yuniti 78 kwa mwezi, na hakuna aliyekatishwa kuoga. Maji yanayoingia yakiwa baridi zaidi, unaokoa zaidi.

Wenye hita ya papo kwa hapo, zile za ukutani, wao wanapata na faida nyingine ambayo binafsi naipenda kuliko hata ya bili. Hita ya kilowati 5 ikipandisha maji nyuzi 20 inakupa lita 3.6 tu kwa dakika, ndo yale maji ya kudondoka dondoka mnayoyalalamikia kila siku mkidhani presha ni ndogo. Ikibakiwa na nyuzi 13 za kupandisha, inatoa zaidi ya lita 5 kwa umeme ule ule.

Haya, na ubaya wake niseme, maana sitaki mtu aje kunitukana. Anayejaza beseni kwanza ndo aoge, kifaa hiki hakimsaidii kitu, kwasababu wakati maji ya moto yanamwagwa hakuna maji baridi yanayopita kwenye koili kulipokea joto. Kinafanya kazi pale tu maji yanaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Bafu lililo chini kabisa ya nyumba nalo ni shida, hakuna nafasi ya bomba kushuka, kuna vya kulala chini ya sakafu ya shawa lakini ufanisi wake kwa kawaida uko chini na nywele zinaganda humo, kukisafisha ni kero. Kwenye ghorofa ndo penyewe, mradi bomba liwekwe wakati ukuta bado uko wazi. Mkandarasi akishapiga plasta na vigae, mimi ukiniita ni kubomoa tu.

Na mafundi wenzangu, kwenye nyumba zenye hita ya tangi, maji yakitoka kwenye koili yapelekeni kote kuwili, kwenye hita na kwenye upande wa baridi wa shawa. Nimeshakuta kazi imeunganishwa kwenye hita peke yake, maji yanayopita kwenye koili yanakuwa machache kuliko yanayoshuka, alafu mwenye nyumba anaambiwa kifaa ni kibovu.

Ni mimi fundi bomba, msomaji wenu wa siku nyingi.